Dumu la Njano Mlangoni pa La Muela

KUMEJAA! Viti vyote arobaini na vitatu, kila kiti na mtu wake, na nje kuna watu wanazozana kwa sababu wamekosa! La Muela imejaa! Ile ile La Muela ya mtaa wa Pasco, ambayo Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa na watu tisa, na katika hao tisa watatu ni ndugu wa waigizaji na mmoja aliingia kuota hita!

Haya, ngoja, tumeanzia mwisho. Turudi kwa Delmira, maana bila Delmira hakuna stori.

Delmira Scarpetti ana miaka sitini na moja, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na ana neno moja ambalo mji mzima wa Rosario unalijua: "Anayefuata." Halisemi kwa ukali, halisemi kwa upole. Analisema tu, na wewe unajikuta umesimama.

Neno hilo alilipata kwenye meno. Hiyo nyumba ya La Muela zamani ilikuwa kliniki ya daktari wa meno, na Delmira alikuwa binti wa mapokezi. Mwaka ule benki zilipofunga milango na hela za watu zikabaki ndani, daktari akapanda ndege kwenda Uhispania, akasema anakwenda wiki mbili. Sasa ni miaka ishirini na mbili. Delmira aliendelea kuja kazini kila asubuhi, anafuta vumbi, anakaa. Siku moja wakaja wachekeshaji kukodi nyumba, wakamkuta ameketi pale mbele. Wakamwuliza yeye nani. Akawauliza kama wana miadi. Hawana. Akawaandikia miadi ya Alhamisi, wakarudi Alhamisi kweli, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hawajamwajiri.

Ndiyo maana pakaitwa La Muela, yaani Gego. Chumba cha kusubiria wagonjwa kikawa ukumbi. Chumba cha picha za eksirei kikawa kibanda cha tiketi, na humo ndani simu haishiki mtandao hata uilie. Wapo watu wazima mjini, wana mashavu na vitambi vyao, waliong'olewa meno pale wakiwa watoto. Wakija kwenye maonyesho na kumsikia Delmira akisema "anayefuata", wanashika shavu kwanza, ndiyo wanatoa hela.

Sasa, mambo yalivyo kila mtu anajua. Asubuhi bei ya mkate ni hii, mchana mwenye duka anakuangalia machoni kwanza ndiyo anakutajia. Bei ya tiketi Delmira anaiandika kwa penseli, na kifutio chake kimeisha kabla ya penseli. Na watu wakibanwa, wa kwanza kukatwa siyo nyama wala mpira. Ni kicheko. Mtu anakwambia kabisa: nicheke kwa hela, wakati bili ya gesi nimeletewa bure?

Siyo kwamba La Muela haikusaidiwa. Ilisaidiwa sana. Ofisi moja ya utamaduni, jina tuliache, iliwapa bango la shaba limeandikwa kwamba nyumba hii ni hazina ya jiji. Skrubu wanunue wenyewe. Likakaa ukutani siku tatu, likaibwa, na Delmira akasema angalau mwizi ndiye mtu wa kwanza kuona hazina kweli. Halafu wakaja vijana wawili wenye fulana zinazofanana kuwafundisha semina ya siku mbili, namna ya kuishi kwa sanaa bila hela. Mwisho wa semina wakatoza hela ya cheti.

Na juu ya yote kuna mwenye nyumba, don Casimiro Bravetti, don yaani bwana. Usimchukie haraka. Si mtu mbaya, ni mtu wa kupima. Nyumba alirithi kwa shangazi yake, yeye mwenyewe anakaa kona ya pili, na mwezi mzima alikuwa anaingia ukumbini na uzi mkononi, anapima ukuta hadi ukuta. Mwisho akatangaza kwamba pakigeuzwa maegesho zinaingia gari sita. Saba kama moja ni ndogo. Alhamisi akaja mpaka dirishani kwa Delmira kumweleza kwa utaratibu.

"Delmira, sina ubaya na nyie. Lakini gari halichelewi. Gari halikohoi. Gari haliombi punguzo."

Delmira akamwambia gari halichekeshi pia.

"La kwangu linachekesha, hujaliona likiwaka asubuhi," don Casimiro akasema, hata hakucheka. "Nisikilize. Jumamosi saa kumi na moja nakuja mwenyewe kuhesabu. Nikikuta pamejaa, nakupeni mkataba wa miaka miwili, bei ile ile. Nikiona kiti kimoja kitupu, kimoja tu, Jumatatu mafundi wanang'oa jukwaa."

Hapo ndipo Delmira alipoacha kulala. Kwa sababu waigizaji wataenda kuigiza kwingine, watapata hata harusi na sherehe za watoto. Yeye ataenda mapokezi gani? Ameingia kwenye nyumba ile na miaka ishirini na saba, meno yake yote mdomoni.

Jumamosi asubuhi akatoka na vikaratasi vya matangazo. Dada yake Otilia, anayekaa naye, akampigia kelele kutoka jikoni kwamba mafuta ya kukaangia yameisha, asirudi bila mafuta, maana nyama tayari ameshaipiga na kuivingirisha kwenye unga wa mkate. Kwa Otilia, nyama ambayo haijakaangwa ni chakula cha mgonjwa.

Delmira akatembea mtaa kwa mtaa. Msusi akamwambia yeye anacheka bure kila akisoma bei ya shampuu. Mtoto wa mpwa wake akasema ataangalia ikitoka kwenye simu. Muuza magazeti akauliza kama mwishoni kuna chakula. Mwanamume mmoja, alimkumbuka tangu kliniki, akafunga mlango taratibu mkono uko shavuni. Mpaka saa nane mchana alikuwa amepata ahadi nne, na moja ya hizo ni ya bibi aliyelazwa hospitali ambaye alisema atakuja wakimruhusu.

Simu alikuwa ameizima kitambo, kwa sababu betri ni bovu na Otilia alikuwa anatuma ujumbe wa mafuta kila dakika tano. Kumbuka hilo la simu.

Na huku mlangoni pa La Muela? Waigizaji walikuwa wameambiwa waje saa nane kufanya mazoezi. Waigizaji ukiwaambia saa nane wanakuja saa kumi, hiyo ni sheria ya dunia, na Delmira aliijua, ndiyo maana hakuwa na haraka. Lakini siku hiyo kwa woga walikuja saa nane kamili, wote watano. Wakakuta pamefungwa. Ufunguo ni mmoja, anao Delmira, na wakimpigia simu haipatikani. Tadeo, kiongozi wao, aliahidi kuchonga wa pili tangu mwaka juzi.

Ilikuwa Julai, baridi ya kupasua midomo. Mtaa wa Pasco saa zile jua linaingia kidogo tu, kamstari ka upana wa mtu mmoja, kameng'ang'ania ukutani. Basi wote watano wakajipanga kwenye huo mstari, mmoja nyuma ya mwingine, mgongo ukutani, mifuko ya mavazi yao mikononi.

Na pale mbele kabisa, hatua moja kutoka mlangoni, palikuwa na dumu.

Dumu lenyewe ni la lita tano, tupu, Tadeo alilinunua kwa ajili ya mchezo. Dukani yalikuwa yamebaki ya njano tu, akalichukua. Chela alipoliona akarudi nyuma kama ameona nyoka. Chela ndiye mwigizaji wao mkubwa, mkubwa kwa kipaji na kwa kila upande, na kwenye ukumbi wa maigizo rangi ya njano ni mkosi. Hilo halijadiliwi. Rosario hii hilo ni tatizo kweli kweli, maana nusu ya mji inashangilia timu ya bluu na njano, na Delmira pale mlangoni ana sanduku la shali za kahawia za kuwafunika mashabiki kabla hawajaingia. Chela akasema hilo dumu haliingii ndani, na yeye hasimami karibu nalo. Ndiyo likawekwa mbele, peke yake.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa mji huu, unapita Pasco. Unaona watu watano kwenye mstari, ukutani, wameshika mifuko. Mbele yao mlango umefungwa. Mbele ya mlango dumu la njano.

Unauliza? Huulizi. Unajipanga kwanza, kuuliza baadaye.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja na kikapu cha magurudumu. Akasimama nyuma ya Chela, akamwuliza kwa sauti ya chini ni lita ngapi kwa kichwa. Chela akamwambia, mama, hapa hakuna kitu chochote. Yule mama akatabasamu, akarudisha mguu wake kwenye mstari. Wakisema hakuna ndiyo kipo, si tumezoea? Akaja wa pili, wa tatu. Ndani ya nusu saa walikuwa ishirini. Akatokea mstaafu mmoja wa benki, jina lake Eleuterio, akachana daftari akaanza kugawa namba, hakuna aliyemtuma. Akaja muuza kahawa na chupa zake. Mwanamke wa nyumba ya jirani akatoa viti vitatu, akavikodisha kwa robo saa. Mmoja akaeleza kwamba ni mafuta ya alizeti ya meli iliyokataliwa bandarini. Mwingine akasema shemeji yake ameiona hiyo meli. Foleni ikafika kona, ikakunja.

Tadeo akawaambia mara tatu kwamba ule ni ukumbi wa vichekesho. Wakamwambia aache utani.

Saa tisa Delmira akatokea upande wa pili wa kona, mtaa wa pembeni, miguu inamuuma na vikaratasi vimebaki mkononi. Akaona mkia wa foleni. Akamwuliza wa mwisho wanatoa nini.

"Mafuta, mama."

Akasimama pale akafikiria. Ahadi nne. Viti arobaini na vitatu. Akienda kufungua sasa hivi atawafungulia nani? Waigizaji wenyewe hawajafika, wanajulikana. Kama tunakufa, akasema moyoni, basi tufe tumekaanga. Akaingia kwenye foleni. Eleuterio akapita akamkabidhi kikaratasi: hamsini na saba.

Ndiyo. Umeelewa vizuri. Foleni haisogei kwa sababu mwenye ufunguo yuko ndani ya foleni.

Dakika kumi hazijapita, nyuma yake akaja mtu anahema, ana skafu ya bluu na njano shingoni. Don Casimiro. Alikuwa ametoka nyumbani mapema kwenda kuhesabu viti, akaona mkia wa foleni karibu na mlango wa anapokaa, akaona ana muda. Akapewa hamsini na nane.

Wakasalimiana kama watu waliokutana msibani.

"Wanatoa nini?" akauliza.

"Mafuta, don."

"Bei?"

"Haijulikani."

"Basi ni rahisi," akasema don Casimiro, akajipanga vizuri. Halafu akamwambia, kwa heshima tu, kwamba ile saa kumi na moja bado iko pale pale, akimaliza na mafuta anakwenda kuhesabu. Delmira akasema anajua. Don akamwuliza kama ana matumaini yoyote. Delmira akasema ana watu wanne, mmoja yuko hospitali. Don Casimiro akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akasema watu siku hizi hawatoki majumbani. Mbele yao walikuwa watu hamsini na sita.

Ikapita nusu saa. Foleni haikusogea hata unyayo. Watu wakaanza kunung'unika kwamba serikali, kwamba maduka makubwa, kwamba mlangoni wapo wa kupitia nyuma. Delmira, ambaye maisha yake yote amekuwa upande wa pili wa dirisha, hakuweza kuvumilia. Foleni isiyosogea ni fedheha kwa mtu wa mapokezi.

"Don Casimiro, nishikie nafasi. Naenda kuona huko mbele ni mzembe gani."

"Nenda. Hapa haingii mtu," akasema don Casimiro, akanyoosha mkono mbele yake kama kizuizi cha reli.

Delmira akakunja kona. Akapita watu, akapita viti vya kukodi, akapita muuza kahawa. Akaona ukuta anaoujua. Akaona alama za skrubu nne za lile bango la shaba. Akaona dumu. Akamwona Chela, pua nyekundu kwa baridi.

"Mama," Tadeo akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "ufunguo."

Delmira akaangalia mlango. Akaangalia foleni yote mpaka inapokatika kwenye kona. Akaangalia kikaratasi chake cha hamsini na saba. Tuseme tu kwamba alikohoa, akatafuta ufunguo kwenye mkoba muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndani, wakafanya kikao cha dakika mbili, wamesimama. Tadeo alikuwa na wazo, na wazo la Tadeo lilikuwa hivi: tusiseme kitu. Tuwauzie tiketi kama namba za mafuta, waingie, tufunge mlango, tuanze. Wakishacheka watasamehe. Wengine wakaona si wazo baya. Ukiwa na njaa hakuna wazo baya.

Delmira akawasha taa ya kibanda chake.

"Hata kwa daktari tulikuwa tunawaambia kwamba itauma," akasema. "Ndiyo maana walikuwa wanarudi."

Akatoka, akapanda kwenye ngazi ya mlango, akavaa miwani. Foleni ikanyamaza yenyewe, yaani hata mbwa. Akasema kwa sauti ile ile ya miaka yote kwamba hapa hakuna mafuta, hayakuwahi kuwepo na hayatakuja. Hapa ni ukumbi wa maigizo. Saa kumi na moja kuna vichekesho, vya muda wa saa moja na robo, ndani kuna hita moja. Anayetaka mafuta aende, na yeye mwenyewe anawaomba radhi kwa niaba ya dumu.

Yule mama wa kikapu cha magurudumu, ambaye amesimama saa moja na dakika arobaini, akainua kidole.

"Na hivyo vichekesho, Jumatatu bei inapanda?"

Delmira hajawahi kumdanganya mtu kwenye dirisha lile, wala siku hiyo hakuanza.

"Mama, Jumatatu kila kitu kinapanda."

Basi ikasikika kama upepo umepita. Watu wakaangaliana. Tisa wakaondoka, wanatukana meli. Waliobaki wakabanana mbele zaidi kuliko mwanzo. Eleuterio wa namba akasema yeye amegandia pale tangu mchana, ameacha chakula mezani, haondoki mikono mitupu hata kama wanauza misumari. Anataka mbili.

Hapo ndipo vurugu lilipotaka kutokea, maana foleni nzima ilimgeukia. Mbili za nini? Anaenda kuuza? Moja kwa kichwa! Wenyewe wakaweka sheria, wenyewe wakaisimamia, na Eleuterio akachukua moja, kwa aibu, akaificha mfuko wa ndani.

"Anayefuata," akasema Delmira.

Na foleni ikasogea.

Unajua, tangu daktari aondoke hajawahi kulisema neno lile mara nyingi hivyo kwa siku moja. Anayefuata. Anayefuata. Watu wanatoa hela wanauliza kama kuna risiti, kama inaharibika, kama lazima waile leo. Wengine wakipata tiketi wanapiga simu nyumbani: nimepata, ndiyo, nimepata, ya mwisho mwisho, siyo mafuta, nitakwambia. Na kila aliyepiga simu alileta wengine wawili wa kusimama nyuma.

Akahesabu vipande vya tiketi vilivyobaki. Vitano. Vitatu. Kimoja.

Akainua macho, dirishani hakuna mtu. Yaani, yupo don Casimiro, lakini amesimama nyuma kidogo, mkono wake umenyooka mbele kama kizuizi cha reli, na mbele yake nafasi tupu ya mtu mmoja. Shati limetoka kwenye mkanda. Skafu imepinda. Inaonekana ameilinda ile nafasi kwa saa nzima dhidi ya mji wa Rosario.

"Delmira," akasema, anahema. "Nimekushikia nafasi yako."

Halafu akaangalia ukuta. Akaangalia juu, akaona dirisha la shangazi yake. Akaangalia mlango ambao rangi yake alichagua mwenyewe.

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo, don."

"Mafuta yako wapi?"

Delmira akamwambia hakuna mafuta, tangazo lilitolewa huku mbele, kule nyuma ya kona halikufika. Imebaki tiketi moja. Kwa mujibu wa foleni tiketi hiyo ni ya kwake yeye Delmira, namba hamsini na saba, na don Casimiro kwa mkono wake mwenyewe ndiye ameilinda. Lakini yeye ana kiti chake humu kibandani tangu zamani. Kwa hiyo anampa.

Nyuma ya don Casimiro watu wakaanza kusukuma: kama mzee hataki aseme. Mzee akaingiza mkono mfukoni haraka kuliko alivyokusudia. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akainama dirishani, akaongea chini chini kwamba bila shaka kwa mwenye nyumba kuna kitu fulani, siyo lazima bure, lakini...

"Don Casimiro," akasema Delmira, kwa upole kabisa, "gari haliombi punguzo."

Akalipa. Akahesabu hela kamili mwenyewe, hadi sarafu.

Ilibaki ile skafu. Chela alichungulia pazia, akaiona inaingia, akasema haigizi, bora magari. Sanduku la shali za kahawia lilikuwa tupu, mashabiki walikuwa wengi siku hiyo. Delmira akavua shali yake mwenyewe, ile ya sufu aliyofumiwa na Otilia, akamfunika don Casimiro mpaka kidevuni. Mzee akakaa kwenye kiti cha mwisho, safu ya nyuma karibu na hita, kama bibi kizee aliyetolewa hospitali.

Saa kumi na moja na dakika tatu. Taa bado hazijazimwa. Don Casimiro ni mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa kuhesabu. Akasimama, akaenda pembeni ukutani pale unapoonekana ukumbi wote, akaanza kwa kidole. Safu ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu, kumi. Ya nne na viti vya ziada, kumi na mbili...

Kidole kikaganda hewani.

"Kuna kimoja kitupu," akasema kwa nguvu, na sauti yake ilikuwa na furaha, tusimfiche. "Pale nyuma. Karibu na hita. Delmira, nimekiona, kitupu."

Ukumbi mzima ukageuka kuangalia kile kiti. Halafu ukageuka kumwangalia yeye, amesimama na shali ya kike mabegani.

"Hicho ni chako, don," akasema Delmira kutoka mlangoni. "Kaa."

Mama wa kikapu ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka kama chupa ya soda iliyotikiswa. Halafu Eleuterio. Halafu wote, arobaini na wawili, na nyuma ya pazia waigizaji watano wanacheka wamezibana pua. Don Casimiro alisimama pale akawa mwekundu, akawa mweupe, akaenda kukaa. Na alipokaa, pakawa hapana kiti kitupu.

Mchezo ulikwenda vizuri kupita kiasi. Tadeo anasema hajawahi kuona watu wanacheka kwa bidii vile. Walikuwa wamelipia, walikuwa wamesimama kwenye baridi, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyumbani na kicheko ambacho hakijatumika. Hata pale ambapo si pa kuchekesha walicheka, kwa tahadhari. Don Casimiro anaapa hakucheka. Waliokaa jirani naye wanasema aliilowesha shali machozi.

Jumatatu mafundi hawakuja. Alikuja yeye, na mkataba wa miaka miwili, bei ile ile. Aliongeza kifungu kimoja kwa mkono wake: siku pakijaa, mwenye nyumba atengewe kiti. Delmira akasoma mara mbili, akakata neno "atengewe", akaandika "auziwe". Don Casimiro akatia sahihi.

Otilia? Jumamosi ile Delmira alirudi nyumbani bila mafuta na bila shali. Otilia alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, mikono kiunoni, halafu nyama akaioka kwenye oveni, na kwa siku mbili alimsemesha kwa kupitia paka. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe na kulipa, ili akaone, alisema, kitu gani hicho kilichozidi mafuta.

Sasa kumbi nyingine tatu ndogo za mjini zimenunua madumu. Ile ofisi ya utamaduni imetangaza semina ya foleni, siku mbili, na cheti. Haijamsaidia mtu, kwa sababu dumu peke yake ni dumu tu. Lazima pale dirishani awepo mtu wa kukwambia ukweli ukiwa umeshasimama. Na Chela, yule yule Chela wa mkosi, siku hizi haingii jukwaani mpaka ahakikishe lile dumu la njano liko nje, hatua moja kutoka mlangoni, linaangalia mtaa. Ukimwuliza anakwambia mkosi ni likiwa ndani. Nje ni kitu kingine.

Delmira yupo kibandani. Penseli ipo, kifutio kipya amepata, aliletewa na Eleuterio.

Basi, kama umeisoma mpaka hapa, mtumie mtu mwingine naye aisome.